Mkutano wa Saa Nane

Kila siku ya kazi, saa saba mchana ikikaribia, Swaumu aliingia chumba cha mikutano, akasogeza viti ukutani, akatandika mikeka miwili, kisha akainama nyuma ya runinga kubwa na kuchomoa waya. Aliuchomoa taratibu, kama mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto, akauacha ukining'inia. Baada ya hapo ndipo wanawake wenzake walipoingia, wakavua viatu mlangoni na kusimama safu moja kuswali Adhuhuri.

Hakuna aliyewahi kumwona akiuchomoa, naye hakumwambia mtu.

Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya nne, Mtaa wa Msimbazi, na kazi yao ilikuwa kutoa mizigo ya wateja bandarini. Swaumu alikuwa mhudumu pale kwa miaka kumi na moja. Alifungua milango, alifagia, alipika chai. Mwaka uliopita, alipoanza masomo ya jioni ya kompyuta akiwa na miaka arobaini na tisa, bosi alimkabidhi pia chumba cha mikutano pamoja na mtambo wake.

Mtambo wenyewe ulikuwa kiboksi cheusi chini ya runinga, kamera yenye kichwa cha mviringo, na maiki iliyokaa katikati ya meza kama kobe. Bwana Amjad, mwenye ofisi, aliununua ukiwa umekwisha kutumika, kutoka shirika moja lililofunga ofisi zake mjini. Mtu akiwa nyumbani kwake, au kule tawi la Tanga, alikaa mbele ya kompyuta, akafungua programu iliyomwingiza kwenye mtandao wa ofisi, akapiga namba ya chumba, na papo hapo akatokea kwenye runinga mbele ya wenzake. Yeye aliwaona, wao walimwona. Na mtambo haukuwa na adabu ya kubisha hodi. Simu ikiingia, uliipokea wenyewe.

Hapo ndipo yote yalipoanzia. Siku moja, kama miezi miwili na nusu nyuma, wanawake wakiwa kwenye sijda, runinga iliwaka nyuma yao na sauti ya mwanamume ikasema, "Haloo, chumba? Mpo?" Kisha ikakatika. Walimaliza sala yao. Hakuna aliyeitambua sauti. Swaumu hakulala vizuri siku ile, akiwaza kwamba kuna mwanamume mahali fulani aliyewaona migongo yao wakimsujudia Mola wao, na kwamba chumba kile alikabidhiwa yeye. Akaweka nia: haitatokea tena. Kuanzia kesho yake, kabla ya sala, waya wa umeme wa mtambo unatoka. Baada ya sala, waya unarudi.

Wiki tatu baadaye, mume wa Salma alifariki.

Salma ndiye aliyeshughulikia nyaraka za wateja wakubwa. Alikuwa na miaka thelathini na minne na watoto wawili, na marehemu mumewe, Safari, alimwachia jina zuri na nyumba ya kupanga kule Mchikichini. Akaingia eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, nguo nyeupe, bila pambo, bila kutoka. Kwa watu wa kwao hilo halikuwa jambo la kujadiliwa. Na hapo Bwana Amjad alionyesha uungwana. Alipakia kompyuta ya Salma kwenye bajaji, meza na kiti juu yake, akampelekea mpaka nyumbani.

"Atafanya kazi kutoka kwake," aliwaambia wafanyakazi. "Saa nane kila siku anaingia mkutanoni kama kawaida. Kamera yake ataizima, sauti inatosha."

Mkutano wa saa nane ndio uliokuwa moyo wa ofisi. Hapo ndipo kila kontena lilipotajwa, limefika wapi, limekwama kwa nini, karatasi gani haijasainiwa. Na tangu siku ya kwanza Salma alipoanza kupiga kutoka nyumbani, saa nane ilikuwa mateso.

Alipiga, hakupatikana. Akapiga tena. Chumbani watu walikaa wakiitazama runinga, nayo ikiwatazama bila kusema kitu. Wakampigia simu ya mkononi na kuiweka mezani. Sauti ikawa kama ya mtu aliye ndani ya pipa, na nyaraka alizotaka kuwaonyesha hazikuonekana. Fundi Abubakary aliitwa mara mbili. Alikuja asubuhi, akapiga kutoka kwenye kompyuta yake, mtambo ukapokea. Tanga nao kila asubuhi walipiga na kuingia bila shida.

"Mtambo mzima kabisa," alisema fundi akifunga begi lake. "Tatizo liko huko huko kwa mama."

Basi maneno yakaanza kidogo kidogo. Eti Salma anafungua kompyuta huku amelala. Eti msiba umemchukua akili. Caroline, mhasibu, ambaye meza yake ilikuwa jirani na jiko la chai, alimtetea, lakini hata yeye hakukosa la kutania.

"Mama, unakumbuka siku ile ulipokwenda msibani Temeke?" alimuuliza Swaumu. "Salma alipiga mara moja tu, akaingia safi kabisa. Mtambo unakuogopa wewe."

Swaumu alicheka, akammiminia chai. Lakini neno lile lilimkaa.

Jumatatu Bwana Amjad alitoa uamuzi. Alhamisi angekuja Mzee Abdulla, mfanyabiashara wa vigae, mteja wao mkubwa kuliko wote, mwenye makontena sita bandarini. Mzee alitaka kusikia kwa masikio yake kutoka kwa mtu anayeshika nyaraka zake.

"Alhamisi Salma akikosekana tena," alisema, na uso wake ulionyesha kwamba hakupenda anayoyasema, "itabidi kazi yake nimpe mtu aliyepo hapa. Nimevumilia. Siwezi kumwambia mteja asubiri eda iishe."

Jioni ile Swaumu alipitia Mchikichini. Alimkuta Salma ameketi mbele ya kompyuta kwenye kona ya chumba, mtandio mweupe kichwani, mtoto mdogo amelala miguuni pake.

"Dada, mimi nakaa hapa kuanzia saa saba u nusu," alisema Salma. "Siendi hata chooni. Napiga, inaita, inaita, halafu kimya. Wanasema nalala?"

"Nani amekwambia?"

"Nimesikia. Simu ile mnayoiweka mezani inasikia zaidi kuliko mnavyodhani." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likamtoka. "Nikikosa kazi hii, dada, sina nyingine. Na sasa hivi siwezi hata kutoka kwenda kuitafuta."

Swaumu alisogea karibu. Alimshika mkono, akamwombea dua, akaenda zake.

Jumatano jioni alikuwa darasani. Masomo yalifanyika kwenye shule moja ya msingi karibu na Msimbazi, kuanzia saa kumi na moja, kwenye madawati yaliyotengenezwa kwa watoto wa darasa la nne. Wanafunzi walikuwa watu wazima kumi na wawili, magoti yamegota chini ya mbao. Mwalimu Adamu alikuwa na umri wa mtoto wake wa mwisho. Somo la siku ile lilikuwa anwani za mtandao, na Mwalimu alipoona nyuso zimekunjamana alifuta ubao.

"Tuache hayo. Twende Mchikichini," alisema. "Mama anauza viatu vya mtumba. Hana kizimba, anatandaza turubai lake chini, nafasi ya kumi na mbili. Wateja wake wanaijua kumi na mbili. Ikifika adhuhuri anakunja turubai anakwenda kuswali. Akirudi anakuta nini?"

"Mwenzake ameshatandaza," alijibu mzee mmoja wa nyuma, na darasa likacheka, maana kila mtu alimjua mtu wa hivyo.

"Basi. Hagombani, anakwenda kukaa arobaini na saba. Lakini mteja wake?"

"Anakwenda kumi na mbili, anakuta masufuria."

"Ndivyo kompyuta na kila kifaa kinavyofanya. Ruta, kile kifaa kinachogawa mtandao, ndiyo bwana soko, mgawaji wa nafasi. Ukichomoa kifaa umekunja turubai. Ukikirudisha, bwana soko anaweza kukupa nafasi nyingine, kwa sababu ile ya kwanza ameshampa mtu. Na aliye mbali hajui. Anaendelea kupiga kumi na mbili."

Kalamu ya Swaumu ilisimama juu ya daftari.

Aliyaona yote kwa mara moja, kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Asubuhi ni yeye aliyewasha swichi kubwa ya ofisi, na chumba cha mikutano ndicho alichokifungua kwanza, ili akifagie. Mtambo ukaamka kabla ya kila kitu, ukachukua nafasi yake. Ndiyo maana Tanga walipata. Ndiyo maana fundi alipata. Saa saba anauchomoa. Saa hiyohiyo vijana wa bandarini wanarudi kula, simu zao zinaingia kwenye mtandao wa ofisi moja baada ya nyingine, na mojawapo inatandaza turubai lake mahali pa mtambo. Saa nane Salma anapiga kwenye masufuria. Na siku ile ya Temeke hakukuwa na wa kuchomoa waya.

"Mama Swaumu, umeelewa?" aliuliza Mwalimu.

"Nimeelewa, Mwalimu," alisema. "Nimeelewa sana."

Alirudi nyumbani akihesabu siku. Wiki sita. Wiki sita mkono wake mwenyewe ulikuwa ukimfungia Salma mlango, tena kwa nia njema, tena dakika tano kabla ya kusimama mbele ya Mungu. Na palikuwa na njia rahisi, aliiona vizuri. Kesho asiuchomoe waya, basi. Salma ataingia, mkutano utakwenda, na hakuna atakayejua kamwe. Lakini yale yaliyosemwa juu ya Salma yatabaki. Watu watasema ameamka usingizini kwa kuogopa kufukuzwa. Kuna mambo mtu huyaswalia istikhara, kumwomba Mungu amchagulie. Hili halikuhitaji. Baada ya sala ya alfajiri alikaa juu ya msala muda mfupi tu, akaomba asitetemeke sauti, akaenda kazini.

Bwana Amjad alikuwa wa kwanza kufika baada yake siku ile.

"Shikamoo, Bi Swaumu."

"Marahaba, Bwana Amjad. Nina neno. Naomba unisikilize mpaka mwisho, halafu uamue utakavyo."

Akamweleza. Waya, sala, turubai la mitumba, namba kumi na mbili. Hakujitetea popote. Alipofika kwenye ile siku runinga ilipowaka na sauti ya mwanamume, Bwana Amjad, ambaye muda wote alikuwa ametulia, aliinamisha kichwa na kuanza kusugua paji la uso.

"Endelea," alisema, bila kuinua macho.

"Nimemaliza. Salma hana kosa. Kosa ni langu. Kama kuna mtu wa kuondoka, ni mimi."

 Chini barabarani muuza maji alikuwa akigonga chupa zake.

"Bi Swaumu," alisema hatimaye, na masikio yake yalikuwa mekundu, "ile sauti ilikuwa yangu."

Swaumu alimtazama.

"Nilikuwa nyumbani, nina homa, sauti imenikauka. Nikasema nijaribu mtambo kama unafanya kazi. Wallahi sikujua kama saa ile mnaswali humo. Nilipoona... nilifunga kompyuta kwa viganja viwili. Tangu siku ile sijapiga chumba kile mchana. Nikasema nikiwaambia nitawaaibisha, nisipowaambia Mungu ndiye mjuzi. Nikanyamaza."

"Nawe ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Nawe ukachomoa waya." Alicheka kidogo kwa aibu, na Swaumu naye, bila kutaka, akacheka. "Kwa hiyo mimi nimekusababishia, wewe ukamsababishia Salma, na Salma ndiye ninayetaka kumnyang'anya kazi. Hapana. Hakuna mtu anayeondoka hapa. Leo usichomoe, mswalie kwenye chumba changu. Mengine fundi atayamaliza wiki ijayo."

Swaumu alitoka na kuegemea ukuta wa korido.  Alisema alhamdulillahi mara tatu, kimyakimya, ndipo akaenda kupika chai.

Lakini mitihani ya siku ile haikuwa imeisha.

Saa saba na dakika arobaini, wameshaswali, viti vimeshapangwa, umeme ulikatika. Feni zikasimama. Mtaa mzima ukawa na ule ukimya wa ghafla, kisha jenereta ya jengo ikaunguruma kule chini na taa zikarudi. Mtambo nao ukawaka upya, taratibu, ukiamka kama mtu mzima. Wakati ule simu za watu wote ofisini zilikuwa zimeshajirudisha kwenye mtandao.

Swaumu alisimama mlangoni mwa chumba cha mikutano na kuelewa kilichotokea. Mara hii hakugusa kitu, na bado turubai lilikuwa limekunjwa.

Mzee Abdulla alikuwa ameshafika. Alikuwa mtu mnene, mwenye bakora aliyoiegemeza kwenye kiti cha pili kana kwamba nayo imealikwa. "Yuko wapi huyo binti wa nyaraka?" aliuliza. "Maana mimi ninasikia tu kwamba yupo."

"Anaingia sasa hivi, Mzee," alisema Bwana Amjad, akatazama runinga. Saa nane ikafika. Runinga haikusema kitu. Dakika moja. Dakika mbili. Bwana Amjad akamgeukia Swaumu, na macho yake yaliuliza bila mdomo.

"Sikuugusa," alisema Swaumu. "Ni umeme. Naomba rimoti."

Hakuwahi kuishika mbele ya wageni. Alivaa miwani, akafungua daftari lake la jioni kwenye ukurasa wa jana, akabonyeza mpaka mahali Mwalimu alipowaonyesha kwamba kila kifaa huficha anwani yake. Maandishi madogo yakajaa kwenye runinga. Caroline alisogea kumsaidia kusoma, akaona hahitajiki, akakaa.

Swaumu alitoa simu yake ya mkononi.

"Salma, mdogo wangu, unanisikia? Usilie, nisikilize. Una kalamu? Ile namba ya chumba uliyonayo, iache kabisa. Andika hii." Akaisoma polepole, namba na nukta, namba na nukta, kidole chake kikiifuata hewani. "Mwisho si ule wa zamani. Mwisho ni sitini na moja. Isome tena nisikie. Naam. Piga."

Mzee Abdulla alikuwa ameacha kuichezea bakora yake.

Runinga ikawaka. Sehemu ya picha ilikuwa nyeusi, na jina tu limeandikwa katikati. Kisha sauti ikatoka kwenye spika, safi, karibu, kana kwamba ameketi kwenye kile kiti cha bakora.

"Assalamu alaikum. Mnanisikia?"

Chumba kizima kikaitikia salamu, hata Caroline.

"Shikamoo Mzee Abdulla," iliendelea ile sauti. "Makontena yako ni sita. Manne karatasi zake ziko tayari, nakuonyesha moja baada ya moja. Mawili yana tatizo dogo kwenye uzito, nimeshawaandikia watu wa bandari, na barua ni hii hapa."

Nyaraka zikatokea kwenye runinga. Mzee aliinama mbele, akasoma kwa midomo, akauliza swali, akajibiwa kabla hajalimaliza. Akauliza la pili. Mwishowe alijiegemeza.

"Binti, pole sana kwa msiba," alisema. "Sikujua kama uko edani. Wangeniambia nisingekuja na maneno mengi." Akamgeukia Bwana Amjad. "Huyu huyu ndiye nitakayeongea naye. Usinibadilishie mtu."

"Sibadilishi," alisema Bwana Amjad. Kisha, mbele ya wote, akakohoa. "Na wafanyakazi wangu nawaambia hivi. Salma hajawahi kulala. Wiki sita alikuwa anapiga, na sisi hapa ndio tulikuwa hatupatikani. Bi Swaumu ndiye aliyegundua. Aliyesema vinginevyo amwombe radhi."

Hakusema zaidi ya hapo, na Swaumu alijua amesitiriwa. Alitaka kusema yeye mwenyewe, lakini Bwana Amjad alimtikisia kichwa kidogo sana, kwa maana kwamba mwenye haki ya kuyasikia yale ni mmoja tu.

Basi watu walipotoka, na Mzee Abdulla akasaidiwa kushuka ngazi na bakora yake, Swaumu alibaki. Alimwita kwenye maiki.

"Salma, bado upo?"

"Nipo, dada. Naogopa kukata. Nikikata nikishindwa kurudi?"

"Utarudi. Kesho nitauandikia mtambo namba ya kudumu, Mwalimu ametufundisha, haitahama tena hata umeme ukatike mara kumi." Akasogea karibu na maiki. "Nina jambo la kukuungamia."

Akamwambia. Kule upande wa pili mtoto akasikika akiomba maji, na Swaumu akafumba macho.

"Dada," alisema Salma, "yaani mimi wiki zote hizi nilikuwa naswali nikimwomba Mungu aufungue ule mtambo, na wewe saa hiyohiyo unauchomoa ili uswali?"

"Ndiyo, mdogo wangu."

Salma alianza kucheka. Kwanza kidogo, kwa kujizuia kama mtu anayekumbuka kwamba yuko kwenye huzuni, kisha akashindwa, akacheka mpaka akakohoa. Ilikuwa mara ya kwanza Swaumu kumsikia akicheka tangu mazishi.

"Nimekusamehe," alisema alipopata pumzi. "Lakini Jumapili unaniletea chapati. Za maji, siyo za kusukuma."

"Nitaleta kumi."

Adhana ya Alasiri ilianza kusikika kutoka msikiti wa jirani. Mlango ukafunguka, Caroline akaingia ameshika kipande cha kitenge alichokishona kama kofia ya mtoto, chenye lastiki pembeni.

"Nimesikia habari za waya, bosi hajui kunong'ona," alisema. "Hiki ni cha kamera. Mkiswali mnaivalisha, mkimaliza mnaivua. Na fundi amesema kwenye simu kwamba ule mtambo unaweza kuambiwa usipokee mpaka mtu abonyeze. Muda wote huu ulikuwa unaweza."

Swaumu alikipokea. Wanawake walianza kuvua viatu mlangoni. Akatandika mikeka, akainama nyuma ya runinga kwa mazoea, mkono ukafika mpaka kwenye waya. Akaurudisha. Alimuaga Salma, naye akasema anakwenda kutawadha, wakakata. Kisha Swaumu akaivalisha kamera kofia yake ya kitenge, akaivuta vizuri mpaka chini, akaenda kusimama safuni.